Utetezi wa Mwalimu Essilfie

Mara ya kwanza Ebo Essilfie alipotia chumvi kwenye uji wake badala ya sukari, nyumba nzima ilicheka, na yeye mwenyewe akacheka kuwashinda wote. Mara ya pili, Araba mkewe hakucheka. Alimtazama akiunywa uji ule kijiko kwa kijiko mpaka bakuli likabaki jeupe, uso wake umetulia kama wa mtu anayekunywa uji wa kila siku.

"Baba Kuukua," alisema polepole, "uji uko sawa?"

"Una nini uji? Mtamu tu." Ebo alijifuta midomo. "Leo Jumanne, siyo?"

"Leo Alhamisi."

"Alhamisi, ndiyo. Kwani mimi nimesema nini?"

Kuukua, binti yao wa pekee, aliinua macho kutoka kwenye mkate wake. Mama yake akamkata jicho, na msichana akayarudisha macho mezani.

Ebo alikuwa na miaka hamsini na miwili. Zaidi ya nusu ya umri huo alikuwa amesimama mbele ya ubao katika shule moja ya sekondari ya wavulana pale Cape Coast, akifundisha hisabati. Kisha aliomba likizo isiyo na malipo akajiunga na Chuo Kikuu, asome shahada ya uzamili ya hisabati tumizi. Vijana wa darasa lake walimwita Babu, wakamwachia kiti cha karibu na feni, naye akawafurahia. Tasnifu yake ilihusu matanuri ya udongo ambayo wanawake wa pwani hukaushia samaki: joto linapitaje humo ndani, linapotelea wapi, na tanuri lijengwe vipi ili kuni zipungue na moshi usiingie vifuani mwa watu. Mama yake mzazi alikausha samaki kule Moree mpaka moshi ukamla mapafu. Ebo hakupenda kulizungumza hilo. Alilitia katika milinganyo.

Tangu mshahara usimame, nyumba iliishi kwa kibanda cha Araba sokoni, cha vifungo, zipu na nyuzi. Araba hakulalamika. Watu walipomuuliza mumewe anasomea nini uzeeni, alijibu kwa sauti ya juu ili majirani nao wasikie, "Hisabati. Ile kubwa."

*

Siku chache baada ya ule uji, Dkt. Fiifi Otoo alifika sokoni. Alikuwa mrefu, ikambidi ainamishe kichwa ili zipu zilizoning'inia zisimpige usoni. Araba alimfahamu tangu alipokuwa mwanafunzi wa bweni, mwembamba kama ufito, akija nyumbani kwa mwalimu wake kila Jumamosi kula fufu. Leo huyo Fiifi ndiye aliyekuwa akimsimamia mwalimu wake yuleyule kule Chuo Kikuu.

"Ehee! Daktari mzima unakuja kununua vifungo?" Araba alimtania. "Au mkeo kakufukuza na shati lako?"

Fiifi hakucheka. "Naomba nikae, Mama."

Araba alimsogezea kigoda.

"Mwalimu ameniletea sura ya nne," alisema Fiifi.

"Si vizuri? Mwezi mzima anahangaika nayo."

"Ameniletea mara tatu, Mama. Kila mara ananiambia, 'Fiifi, hatimaye nimeimaliza.' Ni ileile. Na sura ya tano ina makosa ambayo..." Aliokota kifungo kimoja. "Mwalimu hakosei vile. Angenichapa mimi kwa makosa yale."

Mteja alisimama, akaomba zipu nyeusi ya sketi. Araba alimpimia, akampa chenji, akamtakia siku njema kwa tabasamu kamili. Alipogeuka tena, tabasamu halikuwepo.

"Endelea," alisema.

"Wiki iliyopita nilimkuta nje ya ofisi yangu, ameshika kitasa. Nikamwambia, karibu Mwalimu. Akaniuliza kwa adabu kabisa, ofisi ya Dkt. Otoo ni ipi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ndiyo hii. Nikaingia naye. Nikaanza kumzungumzia mpira." Fiifi alifunika macho kwa kiganja. "Sijamwambia mtu yeyote pale chuoni. Mpeleke hospitali Accra, Mama. Nitawaendesha mwenyewe."

*

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Alimwomba Ebo atoe saba kwenye mia, kisha aendelee kutoa saba kwenye kila jibu.

Ebo aliangua kicheko. "Binti yangu, mimi nasoma uzamili wa hisabati tumizi. Unanipa hesabu ya watoto wa darasa la tatu?"

"Najua, Mwalimu. Ni utaratibu wetu tu. Kila mtu tunamuuliza."

"Haya. Tisini na tatu. Themanini na sita." Akakuna kidevu. "Themanini na sita... ukitoa..."

Alitazama dari. Alitazama viatu vyake. Araba, pembeni, tayari alikuwa nalo jibu, maana maisha yake yote ya sokoni yalikuwa ya kutoa na kujumlisha. Sabini na tisa, mume wangu. Sabini na tisa, liko hapo hapo. Alibana midomo mpaka meno yakamuuma.

Mara Ebo akajinyoosha kitini, sauti ya darasani ikamrudia. "Tazama hapa. Jibu la hatua yoyote ni mia moja, toa saba mara idadi ya hatua. Huo ni mfuatano wa kawaida. Ukishaijua kanuni, umejua yote."

"Sawa kabisa," alisema daktari. "Na jibu la hatua ya tatu?"

Ebo alianza kuhesabu kwa vidole, akaviacha.

"Hilo," Ebo alisema hatimaye, kwa sauti ndogo, "hilo nimemwachia mwanafunzi."

Walirudi tena Accra kwa ajili ya picha za kichwa. Daktari aliwakalisha wote wawili, akawaeleza bila kuficha. Ubongo ulikuwa unanywea. Si wazimu, si uchovu, wala si kusoma kupita kiasi. Umri wake ulikuwa mdogo kwa ugonjwa huo, lakini hutokea. Zilikuwepo dawa za kusaidia kidogo, dawa ya kuponya haikuwepo.

"Nina muda gani?" Ebo aliuliza.

"Siwezi kukuambia kwa hakika, Mwalimu."

"Sikuombi hakika. Nakuomba makadirio."

Daktari alifunga faili. "Kuishi, miaka. Kujivalisha, kujilisha, huenda pia miaka. Lakini kazi ya akili kama hii yako... hiyo tuhesabu miezi. Michache."

Ebo aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa amelifikia mwenyewe. Wakaanza safari ya kurudi. Fiifi aliendesha, Araba akatazama dirishani, na walipokaribia Winneba Ebo akautafuta mkono wa mkewe, akaushika, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mwanafunzi wake.

*

Habari haifichiki kwenye ukoo. Jumapili baada ya ibada alifika Mansa, dada mkubwa wa Ebo, amevaa nguo za kanisani na amebeba sufuria la supu. Aliketi kumkabili ndugu yake, kisha akamuuliza Araba:

"Anakula?"

"Muulize mwenyewe, wifi. Si huyo hapo?"

"Analala vizuri?"

Araba alimwonyesha Ebo kwa kidevu. Mansa aliweka sufuria chini.

"Mimi nilisema. Nilisema tangu mwanzo, hamkunisikia. Mwanamume kichwa kimejaa mvi, anajitwisha begi mgongoni kwenda shule na watoto aliowafundisha yeye, na mke anakaa hapa anampigia makofi! Hesabu zimemmaliza."

"Daktari amesema si masomo."

"Daktari! Kile kisichana? Mimi nimeongea na mchungaji wa kambi ya maombi. Amesema tumpeleke akae huko, hata miezi mitatu."

"Afungwe mnyororo kwenye nguzo, kama yule mtoto wa mjomba wenu?"

"Yule alipona."

"Yule alikufa, wifi."

"Alikufa amepona," alisema Mansa, bila kupepesa.

Kuukua, aliyekuwa akileta maji, nusura aachie bilauri. Ebo ndiye aliyecheka, kicheko kifupi kikavu, wote wakamgeukia kana kwamba kiti ndicho kilichotoa sauti.

"Dada," alisema, "mimi nipo hapa. Nasikia. Mtanipeleka mnapotaka. Kambini, kwa mganga, hata kaburini, sitabisha. Lakini kwanza nitetee tasnifu yangu."

"Karatasi hiyo itakufaa nini sasa, Ebo?" Sauti ya Mansa ilikuwa imelainika, na machozi yalikuwa karibu. "Niambie tu, ndugu yangu. Itakufaa nini?"

Ebo alikawia. Walidhani swali limemponyoka. Kumbe alikuwa akilichambua, kama alivyozoea kuchambua maswali yote.

"Hainifai kitu," alisema. "Ila niliianza mwenyewe, Dada. Nataka niimalize mwenyewe, wakati bado najua kwamba ni mimi."

*

Fiifi alihangaika huku na huko mpaka siku ya utetezi ikawahishwa, kabla mvua hazijaanza. Alitaka awaeleze watahini habari ya ugonjwa. Ebo alikataa katakata.

"Ukiwaambia, watanisikiliza kwa huruma," alisema. "Na mtu anayehurumiwa hapimwi, anapewa. Mimi sitaki kupewa." Aliwataka Fiifi na Araba waahidi, na wote wawili wakaahidi, Araba akiwa wa mwisho. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama ahadi ile ilikuwa heshima au ilikuwa woga.

Wakaanza kujiandaa. Asubuhi, kabla Araba hajaenda sokoni, Ebo alisimama uani mbele ya mkewe na binti yake akawaeleza tanuri. Kuukua alishika kurasa kumkumbusha. Kulikuwa na asubuhi ambazo alitiririka kama zamani, mikono ikipaa, mpaka jirani aliyekuwa akitwanga mihogo akasimamisha mchi amsikilize. Sura ya tano aliirekebisha yote katika asubuhi hizo, Fiifi akiwa kando bila kumtilia neno. Zilikuwepo pia asubuhi nyingine.

"Hii ameiandika nani?" aliuliza siku moja, akizipekua kurasa.

"Wewe," alisema Araba.

"Usinitanie, bibi wewe." Akasoma mstari, akarudia. Uso wake ulijaa furaha safi, ile ya mtu anayeona kazi nzuri ya mwenzake. "Huyu mtu anajua. Tazama alivyoukata ukuta katika tabaka. Ningependa nionane naye."

Kuukua aliingia ndani mbio. Araba alibaki pale na ufagio mkononi. "Utaonana naye," alimwambia. "Kaa kwanza unywe chai."

*

Siku yenyewe aliamka mzima. Alijinyoa bila kujikata, akavaa suti nyeusi ya kanisani, akamwambia Araba kwamba tai ile aliyochagua ilikuwa ya mazishi. Araba aliibadilisha kwa furaha kubwa.

Watahini walikuwa watatu: mwenyekiti, Fiifi, na Profesa Serwaa Adomako, mtahini wa nje kutoka Kumasi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, ambaye vijana walimwogopa kuliko mitihani. Nyuma walikaa Araba na Kuukua, pamoja na wale wanafunzi waliomwita Babu, wameoga na kuvaa mashati meupe kwa heshima yake.

Ebo alianza, na Mungu wangu, alianza vizuri! Hakutazama karatasi. Alichora tanuri ubaoni kwa mistari michache, akawasha moto ndani yake kwa maneno, akawaonyesha joto likipanda, likigawanyika, likivuja ukutani. Alieleza kwa nini mama wa Moree huchoma kuni maradufu ya zinazohitajika. Profesa Adomako alikuwa ameacha kuandika. Araba alimwona akimwinamia mwenyekiti na kumnong'oneza, na nyusi za mwenyekiti zikapanda kwa kuridhika. Kuukua aliubana mkono wa mama yake mpaka ukafa ganzi.

Kisha maswali.

"Mwalimu Essilfie, hongera," alisema Profesa. "Nina swali jepesi. Kwenye uso wa nje wa ukuta hukuchukulia kwamba halijoto ni ileile wakati wote. Ulichagua sharti jingine. Kwa nini?"

Lilikuwa jepesi kweli. Ebo alikuwa amelijibu uani asubuhi nyingi, hata jirani wa mihogo angeweza kulijibu. Alifungua mdomo. Akaugeukia ubao. Akaitazama michoro yake mwenyewe, akaipapasa kwa ncha za vidole, vumbi la chaki likamshika. Alipowageukia tena, uso ulikuwa mwingine. Haukuwa umechanganyikiwa. Ulikuwa uso mkali wa mwalimu wa kidato cha pili mbele ya darasa lenye kelele.

"Swali mmelisikia," alisema. "Nani atajibu?"

Mwenyekiti alitabasamu, akidhani ni mzaha.

"Nauliza, nani atajibu? Msinitolee macho. Otoo!"

Kiti kiliburuzwa. Dkt. Fiifi Otoo alikuwa amesimama, mikono imenyooka ubavuni. "Naam, Mwalimu."

"Kwa nini hatusemi kwamba halijoto ya nje haibadiliki?"

"Kwa sababu upepo wa pwani unapoza ukuta, Mwalimu," alisema Fiifi. Aliendelea kwa sentensi kamili kama alivyofundishwa. "Joto linalotoka hutegemea tofauti ya ukuta na hewa. Tofauti ikibadilika, nalo hubadilika."

"Vizuri sana. Kaa." Ebo alilitazama darasa. "Wengine mmeandika? Au mnasubiri Otoo awaandikie mpaka lini?"

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja wa nyuma, kwa kutojua afanye nini, alichukua kalamu akaandika. Profesa Adomako alivua miwani. Araba alinyanyuka, akapita katikati ya viti, akamwendea mumewe pale ubaoni. Alimkung'uta chaki kwenye mkono wa koti.

"Kengele imelia, Mwalimu," alimwambia.

"Imelia?" Akazikusanya karatasi. "Haya. Tutaendelea kesho."

*

Profesa alimfuata Araba ukumbini, akamvuta kando.

"Kwa nini hamkutuambia?"

"Alikataa."

"Tungeahirisha."

"Mngeahirisha mpaka lini, Profesa?"

Mwanamke yule mkubwa alishusha pumzi. "Kazi ni nzuri. Nimeisoma mara mbili, na sina desturi ya kusoma mara mbili. Lakini shahada hupewa aliyejibu, na aliyejibu ni Otoo. Nikitia sahihi yangu pale, nitakuwa nimempa sadaka."

"Sadaka haitaki," alisema Araba.

"Tumeandika kwamba apewe muda, arudi atakapokuwa tayari."

Araba alimshukuru. Walipeana mikono, wote wawili wakijua kwamba siku hiyo haipo kwenye kalenda yoyote.

Kwenye gari Fiifi hakuweza kuwasha injini. "Ningenyamaza," alisema. "Pengine angejirudi. Mama, ningenyamaza tu kidogo! Lakini aliponiita jina, miguu ilisimama yenyewe."

"Washa gari, mwanangu," alisema Araba.

Ebo, kiti cha nyuma, alikuwa akichungulia nje kwa utulivu. Walipofika barabara kuu alimgusa mkewe begani. "Yule kijana aliyejibu pale mbele, mtoto wa nani? Atafika mbali yule."

Fiifi aliendesha macho yakiwa yamejaa, akijipangusa kwa bega maana mikono yote ilikuwa kwenye usukani.

*

Mvua zilianza. Ebo hakutoka tena peke yake. Begi lake la shule Araba alilitundika mahali asipoliona, kwa kuwa kila alipoliona alitaka kwenda darasani. Lakini swali lenyewe hakuna msumari wa kulitundikia.

"Utetezi wangu ni lini?" aliuliza.

Mwanzoni Araba alimwambia kweli. Alikuwa ameolewa na mtu wa kweli, hakujua kumtendea vinginevyo. Alimwambia: ulitetea, swali lilikushinda, hawakukupa. Na kila mara Ebo aliipokea habari kama mpya. Mabega yalimshuka, akaingia chumbani akageukia ukuta. Siku mbili tatu zikipita, aliuliza tena, akaanguka tena kutoka urefu uleule.

Mansa alikuwa pale mara moja ilipotokea. Alikuwa amekuja kwa ajili ya mambo ya kambi, mchungaji amekwisha kutenga nafasi. Alisikia swali, akasikia jibu, akamwona mdogo wake anavyosinyaa. Alipoaga hakuitaja kambi. Mlangoni alimshika Araba mkono.

"Wifi, mdanganye," alisema.

"Hakuwahi kunidanganya hata mara moja, wifi."

"Mdanganye. Dhambi hiyo niandikie mimi."

Araba aliibeba rai ile wiki nzima. Jumamosi moja baada ya mvua, walikuwa wamekaa kibarazani yeye na mumewe, yeye akimenya karanga na kumwekea Ebo kiganjani. Kuukua alikuwa ndani akijisomea kwa sauti. Ebo alitafuna, akaacha kutafuna.

"Araba. Utetezi wangu ni lini?"

Araba aliweka karanga chini. "Umeshatetea, Baba Kuukua. Hukumbuki?"

"Nimeshatetea?" Akamgeukia. "Nilifaulu?"

"Ulifaulu," alisema Araba. "Ulifaulu vizuri sana. Profesa wa Kumasi alisimama akakupa mkono."

Ebo alitabasamu. Aliitikia kwa kichwa taratibu, akailaza ile habari ndani yake mahali pake. Araba akashusha pumzi, akachukua karanga nyingine. Ndipo alipoona tabasamu linamwishia mumewe usoni, na mkono wake ukipanda, ukajiweka kifuani, ukabaki pale kama unatafuta kitu chini ya shati.

"Nilifaulu," alisema Ebo, akimtazama kwa macho ya mtu anayeomba kusaidiwa. "Sasa mbona roho inaniuma hivi?"